Tabaka la Shela

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nachora vitufe, nao huridhika na kuendelea na chakula chao. Si uongo. Katika ofisi moja mjini Minneapolis, mbele ya dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine, nilichora upande wa kulia wa programu ya kuhariri picha, pale panapokaa matabaka. Zamani nilikuwa nalieleza jambo hili kirefu, kwa mikono na kwa kujivuna, mpaka wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Siku hizi nasema vitufe, basi.

Kwa asiyejua, tabaka si kitu kigumu. Fikiria mwanamke anayejitayarisha kutoka: kavaa gauni, juu yake buibui, juu yake mtandio. Ukikutana naye njiani unaona buibui, lakini gauni halijaenda popote. Picha kwenye programu yetu iko hivyohivyo. Picha yenyewe iko chini, unachoongeza kinakaa juu yake, kila kimoja kwenye tabaka lake, na ukilificha la juu, la chini linaonekana. Kando ya kila tabaka kuna alama ya jicho. Ukiligusa, tabaka linafichika. Ukiligusa tena, linarudi. Wenzangu ofisini walikuwa wakieleza haya kwa mfano wa karatasi za plastiki. Mimi nilieleza kwa buibui mara moja, mkutanoni, wakacheka kwa adabu, kisha wakarudi kwenye plastiki yao.

Mtu niliyekuwa nikimwaza kila nikichora alikuwa mdogo wangu. Anakaa Savage, mji mdogo kusini mwa Minneapolis, karibu na maghala ya kando ya mto ambako mumewe anafanya kazi. Sisi ni wa Mombasa, tumezaliwa nyumba moja na kugombania kitanda kimoja. Mimi nilikuja huku kusoma, yeye akaja kwa kuolewa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha kwenye harusi za watu wa pwani, na zaidi ya zote, picha za siku ya kupamba.

Siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi anakalishwa juu ya kiti kilichopambwa, nywele wazi, mikono wazi, hina na piko, ile rangi nyeusi, mpaka kwenye viwiko, na wanawake wanakuja kumtazama, kuimba na kula. Mwanamume hapiti hata kuleta barafu. Na kwa kuwa siku hizi kila simu ina kamera, mlangoni husimama mama mwenye kikapu, na kila anayeingia anatia simu yake humo. Nyumbani ni hivyo, na huku Saint Paul, mji pacha na Minneapolis, katika kumbi za kukodi zenye mazulia yaliyofifia, ni hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi, maana huku watu wanaogopa zaidi kupoteza kidogo walichobaki nacho.

Mtu mmoja tu alikuwa akipita na kamera begani. Mama wa kikapu akimwona tu, anasogeza kikapu kando. Mdogo wangu hakujaliwa mali wala shahada, lakini alikuwa na jambo hilo moja, kwamba mama yeyote wa Kimombasa kuanzia Coon Rapids kule kaskazini mpaka Savage angemwacha bintiye kichwa wazi mbele ya kamera yake na asikose usingizi. Sikumjua mtu mwingine mjini aliyeaminiwa namna hiyo, na hapo nawatia na mashehe.

Picha za wanawake alizikabidhi mkononi kwa bibi harusi na mama yake, hazikupita kwingine. Lakini baba naye anataka picha ya bintiye, na wajomba wanataka, na jamaa wa Mombasa walionyimwa viza wanataka. Kwa hao mdogo wangu alikuwa na kazi maalumu ambayo aliiita kusitiri. Alichukua picha ileile nzuri, bibi harusi akicheka kwa raha kwa kuwa yuko na wenziwe, kisha akamvalisha ndani ya kompyuta. Shela lenyewe alikuwa amelipiga picha peke yake, limetundikwa dirishani kwenye mwanga unaofanana. Tabaka la shela likakaa juu ya nywele, tabaka la mikono mirefu juu ya hina, na katikati tabaka jembamba la kivuli, ili shela lisionekane limebandikwa kama stempu. Ofisini mmoja aliniuliza kwa nini asimvalishe kweli, kisha apige. Nilimwambia ajaribu siku moja kumsimamisha bibi harusi katikati ya vigelegele, amfunike, amfunue, amfunike tena, halafu atazame kama kile kicheko bado kipo.

Kwa hiyo programu yetu ilipokamilika nilimpa aitumie. Jumamosi nilikuwa nikiendesha gari mpaka kwake, ananipikia mahamri na mbaazi, tukishakula namketisha mbele ya kompyuta na kumtazama vidole. Alikuwa akigusa tabaka lisilo lake, anachafua shela akidhani anapaka kivuli, halafu anatukana kwa Kimvita matusi ambayo mama yetu asingeamini kwamba anayajua. Jumatatu nikarudi ofisini na kulifanya tabaka lililoguswa liwake rangi. Kwenye simu alikuwa hawezi kuligusa jicho kwa sababu lilikuwa dogo kama punje ya ufuta. Nikalikuza. Jambo hilo la jicho ndilo lililonipa sifa kuliko yote niliyoyafanya pale. Bosi wangu alinisifu mbele ya watu wote, akasema sasa hata babu yake anaweza kulipata kwa kidole gumba.

Kulikuwa na kitufe kingine, cha kutuma. Ukikibonyeza, programu inakupa kiungo. Unampa mtu kiungo hicho, naye anaifungua picha kwenye simu yake hata kama hana programu. Nilikichora kitume picha moja tu, matabaka yote yameshikamanishwa, kilichofunikwa kimefunikwa daima. Mdogo wangu aliniuliza juu ya jambo hilo mara moja, akiwa anakunja nguo.

"Dada, hii link iko safe kweli? Mtu hawezi ku-open akaziona leya za chini?"

"Hakuna chini," nilimwambia. "Ikishatumwa ni picha moja tu."

Ilikuwa kweli siku niliyoisema.

Bosi wangu ni mwanamume mpole, mtoto wa hukuhuku Minnesota, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Watu wa huku hawakukatalii jambo. Wanakwambia wazo lako linavutia, wanakushukuru kwa kulileta, na ukija kulitafuta baadaye hulioni. Nilichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba kule kushukuriwa ndiko kuzikwa. Kwetu mtu akikataa unajua umekataliwa, unakwenda zako na hasira yako, jioni mnakunywa chai pamoja.

Siku moja alituita akasema kiungo chetu ni kizuri lakini hakileti wateja. Mtu anaona picha, anaifunga, anaondoka. Alitaka kiungo kipeleke picha pamoja na matabaka yake yote, ili anayeifungua ayaone matabaka pembeni, aguse, acheze, apende, ajiandikishe. Nilimwambia watu hawafuniki vitu bure. Akasema jambo hilo linavutia. Nikaenda kuchora onyo: kabla picha haijatoka, programu ikueleze kwamba chini kuna vitu vilivyofunikwa na kwamba atakayeipokea ataweza kuvifunua, kisha ikuulize kama unataka kuvituma navyo. Akalitazama, akaisifu rangi niliyochagua, akasema huo ni mguso mmoja zaidi, na kila mguso unaozidi unamfukuza mtu.

Nilibishana. Nami nikibishana sauti hupanda yenyewe, sauti ya pwani haijui pa kusimama katikati, na niliwaona wenzangu wakichungulia ndani ya vikombe vyao. Mwishowe tukakubaliana, au nilidhani tumekubaliana, kwamba jambo hilo lijaribiwe kwa wateja wapya tu, na wa zamani waachiwe picha yao moja iliyoshikamana. Nilitoka mle nikijiona nimeshinda nusu.

Kisha Ramadhani ikaingia, na Idi ikanikuta niko likizoni, jikoni kwangu Saint Paul, unga mpaka kwenye nyusi. Wiki hiyohiyo wakaubadilisha utaratibu wa kiungo kwa wateja wote, wapya na wa zamani. Hakuna aliyenipigia simu. Baadaye nilionyeshwa kwamba tangazo lilitumwa kwa barua pepe ya kazi, na kwamba chini kabisa, baada ya habari za friji mpya ya ofisini, palikuwa na sentensi moja kuhusu kiungo. Kila kitu kilifanywa sawasawa, hakuna pa kumshika mtu.

Baada ya Idi ndipo harusi zinapofuatana. Ya kwanza ilikuwa ya binti mmoja wa Coon Rapids, ambaye mama yake anafanya kazi hospitalini na anajulikana kwa pilau lake na kwa ukimya wake. Bwana harusi alikuwa kijana wa Mombasa, na jamaa zake karibu wote walikuwa huko. Mdogo wangu alikwenda kupamba, akapiga picha, akarudi nyumbani akasitiri. Ile picha nimeiona. Katika zote alizowahi kusitiri, hiyo ndiyo ilikuwa bora: binti ameinamisha kichwa kidogo, anacheka jambo aliloambiwa na shangazi yake, na shela limemkaa kama alizaliwa nalo. Mdogo wangu akamtumia mama kiungo. Mama akakipeleka kwenye kundi la familia kwenye simu, walimokuwamo wanaume na wanawake wa pande zote mbili.

Dua zikamiminika. Mashallah zikafuatana mpaka skrini ikajaa. Halafu mjomba wa bwana harusi, mzee wa watu anayevaa miwani kwa kamba shingoni, akaandika swali.

"Mwana mzuri, Mwenyezi Mungu awahifadhi. Lakini mbona nikigusa hapa shela laondoka?"

Simlaumu mzee yule. Alitaka kuikuza picha amwone bibi harusi wao vizuri, na jicho lilikuwa kubwa, limechorwa na mtu aliyewahurumia wenye vidole vizito. Akaona ajabu, akauliza, kama ambavyo mtu yeyote mwenye nia njema angeuliza. Na kila aliyelisoma swali lake akaenda kugusa, apate kuhakikisha.

Simu ilinikuta kazini. Mdogo wangu hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Dada," alisema, "si uliniambia hakuna chini?"

Nikaifungua picha kwenye kompyuta yangu huku bado yuko kwenye simu. Nikaligusa jicho langu mwenyewe, na binti wa watu akabaki nywele wazi mbele yangu, ofisini, na nyuma yangu wanaume wanapita na kahawa. Nikaifunga. Nilikizima kiungo kile palepale, ndilo nililoweza, lakini waliokwisha kuzihifadhi nywele za binti kwenye simu zao hawakuzimika nacho. Sikumbuki nilimwambia nini mdogo wangu. Nakumbuka tu kwamba msichana wa meza ya pili aliniuliza kama nasikia baridi.

Jioni ileile nilikuwa Savage alipofika yule mama wa Coon Rapids. Alikaa ukingoni mwa kochi bila kuvua koti. Tukamletea chai, hakuigusa. Tukamletea maji, hakuyagusa, na kwa mtu wa kwetu kukataa hata maji ni jambo kubwa kuliko tusi. Alisema ndoa haijavunjika, anamshukuru Mungu, lakini mama mkwe wa bintiye amepiga simu kutoka Mombasa kuuliza kama huku Marekani ndivyo mabibi harusi wanavyotangazwa siku hizi. Binti mwenyewe amejifungia chumbani, hashiki simu, kwa kuwa kila akiishika anadhani anayempigia ameshaziona nywele zake. Yote haya aliyasema kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

"Mimi sikukupa picha," alimwambia mdogo wangu. "Nilikupa sitara ya mwanangu."

Mdogo wangu alinitazama, nami nikaanza kueleza. Nilieleza matabaka, nikaeleza kiungo, nikaeleza kwamba wamebadilisha nikiwa sipo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama muuza duka anayeeleza kwa nini unga una funza. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama ni mimi niliyeitengeneza hiyo programu. Nikasema sehemu yake. Akatikisa kichwa, na hakuniuliza tena neno usiku wala mchana mpaka leo.

Alichotaka ni kwamba picha zote zifutwe mbele ya macho yake. Si ile moja tu. Zote, na za wanawake pia, kwa kuwa hakuwa tena na pa kuiweka imani yake. Mdogo wangu akaifungua kompyuta, akaanza. Binti anawekwa wanja. Binti na bibi yake wameshikana mikono yenye hina. Binti kafumba macho anacheka. Kwa kila moja mama alisema, "Na hiyo," na mdogo wangu akaifuta. Kwenye ile ya bibi, mama aligeuza uso akatazama pazia, kisha akasema, "Na hiyo." Yule binti ameolewa na anaishi na mumewe, na hana hata picha moja ya siku ya kupambwa kwake.

Coon Rapids huwezi kununua hata chumvi bila gari, lakini maneno yale yalifika kila mahali kwa miguu. Hakuna aliyemtukana mdogo wangu. Wangemtukana angejibu, mdomo anao. Walimwambia kwamba wameamua harusi yao iwe ndogo, haitakuwa na picha. Walimwambia kuna mtoto wa shangazi ambaye naye anajifunza kamera, wangependa kumpa moyo. Walimshukuru sana. Hata sisi wa pwani tumeshajifunza kukataa kwa namna ya Minnesota.

Kazini nilimpelekea bosi wangu habari yote. Nilimwonyesha onyo nililolichora, lile alilolisifu rangi. Alisikitika, na sitamsingizia, alisikitika kweli. Aliuliza mdogo wangu yu hali gani na kama binti ana watu wa kuzungumza nao. Kisha akasema, taratibu, kwamba kisa hiki kinahuzunisha lakini ni kisa cha pembezoni. Walio wengi hawatumii matabaka kumvalisha mtu. Ni jambo la utamaduni, analiheshimu, lakini programu haiwezi kuchorwa kwa kuwafuata walio pembezoni.

"Pembezoni mwa nini?" nilimwuliza.

Alidhani nataka takwimu. Akaigeuza kompyuta yake akanionyesha mstari wa wateja wapya unaopanda, akaweka kidole pale ulipoanza kupanda, na hapo palikuwa Idi yangu. Nilichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu aliyenitukana. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimemwona aliyechuma akaondoka hajala hata tonge, na sahani nzima akawekewa mdogo wangu.

Sikuacha kazi. Nasema kabla hujauliza, maana wengi wameniuliza, na wengine kwa macho tu. Nina nyumba, nina watoto wanaonielewa ninapowagombeza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na kila mwaka wanataka viatu vipya vya theluji. Nilibaki, nikachora vitufe. Asubuhi napanda treni Saint Paul, nashuka Minneapolis, nakaa mbele ya ule ukuta. Bosi akinisalimu namsalimu.

Jumamosi niliendelea kwenda Savage. Kamera aliiweka juu ya kabati la nguo, ndani ya mfuko wake, na zipu kaifunga. Mbaazi alipika vilevile. Kompyuta hatukuifungua tena, na mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu pale mezani. Siku moja nilimwambia kwamba watu watasahau. Akanijibu kwamba watu wa kwetu bado wanaongea juu ya harusi ya nyanya yetu, ambapo biriani liliungua, na nyanya yetu amekufa sisi hatujaanza shule. Tulicheka kidogo, na kucheka kule kuliniuma zaidi.

Miezi ikapita. Halafu pakatokea kampuni ya matangazo, mteja wetu mkubwa, iliyokuwa ikitengeneza tangazo la magodoro. Wachoraji wao, kwa mzaha wa ofisini, walimwekea mwenye kiwanda cha magodoro masikio ya punda, wakayaficha kwenye tabaka lake, wakasahau. Wakamtumia mwenye kiwanda kiungo. Mwenye kiwanda naye ana kidole gumba, na jicho lilikuwa kubwa.

Kampuni ile ikaja juu kwa barua na kwa mawakili, ikatishia kuondoka na watu wake wote. Haikuisha wiki. Kiungo kikarudishwa kama kilivyokuwa, picha moja iliyoshikamana, na kwa atakayetaka kutuma matabaka yenyewe onyo langu likafukuliwa kutoka lilikozikwa, neno kwa neno, na rangi yake. Bosi akatuita wote akasema hii ndiyo maana ya kuwasikiliza wateja. Watu wakapiga makofi. Wengine walinigeukia wakanipigia mimi, kwa kuwa walikumbuka ni nani aliyelichora, nami nikatabasamu, kwa kuwa uso wangu umekwisha kujifunza. Kisha nikaombwa niandike maneno ya kuwatangazia wateja. Niliandika kwamba faragha yao ni jambo tunalolijali tangu mwanzo. Niliyaandika vizuri, wakayasifu.

Siku hiyo sikungoja Jumamosi. Nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja Savage, nikamkuta anakata vitunguu. Nikamwambia wamelirudisha onyo, kiungo sasa hakifunui tena. Hakuacha kukata. Aliniuliza kama ni kwa sababu ya yule binti. Ningeweza kusema ndiyo, na pengine angelala vizuri. Lakini nilishamwambia jambo moja likageuka kuwa uongo bila mimi kujua, sikutaka kumwambia la pili nikijua. Nikamweleza habari ya magodoro.

"Alhamdulillahi," alisema, akasogeza vitunguu upande wa pili wa ubao. "Masikio yamesitirika."

Mwezi uliopita tulialikwa kupamba, Saint Paul, ukumbi uleule wa zulia lililofifia. Nilimbembeleza aje. Alikataa, kisha siku yenyewe akanipigia akaniambia nimpitie. Alivaa gauni la kijani, akajipaka wanja, akapendeza mpaka nikamwambia asije akampiku bibi harusi. Njiani tulizungumza juu ya watoto.

Mlangoni alikuwa amesimama mama wa kikapu, mwanamke ambaye mabinti zake wote walipigwa picha na mdogo wangu siku zao za kupambwa. Mdogo wangu hakungoja kuombwa. Alikuwa ameshaishika simu mkononi tangu kwenye maegesho, akaitia kikapuni juu ya nyingine, akasimama apishwe. Begani hakuwa na kitu.

Yule mama hakusogea. Alimtazama usoni, akatazama chini.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Fungua na mkoba."

Mdogo wangu aliufungua. Kulikuwa na kitambaa, tasbihi, kichupa cha manukato na peremende za watoto. Yule mama alichungulia, akasogeza kitambaa kwa kidole, akatazama chini yake, kisha akasema haya pita, mwanangu, karibu. Ndani walikuwa wameshaanza kuimba.

Nikafuata mimi, niliyelichora jicho. Nikatia simu yangu kikapuni na kuushika mkoba wangu tayari kuufungua. Yule mama akaniambia hapana haja, akanibusu mashavu yote mawili, akaniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema inaendelea vizuri.